Je, nimtoe binti yangu kwenye klabu ya drama?

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisumu Ndogo hapa Kibera. Kifungua mimba wangu ni msichana, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa isiyo mbali na kwetu. Wa pili ni mvulana wa Gredi ya 8, na kitinda mimba ana miaka minne. Baba yao ni soja wa usiku huko Lavington. Mimi nauza omena na sukumawiki, na tangu Septemba mwaka jana nimekuwa nikikaanga samaki pia kila jioni kando ya reli, maana kodi ya nyumba ilipanda. Nafunga saa tatu usiku.

Shida ni huyu binti. Januari alijiunga na klabu ya drama shuleni. Wamempa masimulizi, yeye ndiye anayesimama mbele na kutoa hadithi. Tangu hapo haji nyumbani mapema kama zamani. Siku nyingine anafika saa moja usiku, giza limeshaingia, na unavijua vichochoro vyetu. Majirani wameanza kusema. Juzi mwalimu alituma ujumbe kwamba kila mzazi atoe Sh1,200 za mavazi na nauli ya mashindano. Ripoti ya muhula wa tatu mwaka jana alipata C, ilhali muhula wa pili alikuwa na B-. Mume wangu ameiona hiyo ripoti na ameapa: Ijumaa ya wiki ijayo ikifika kabla binti hajatoka kwenye drama, atamhamishia Siaya kwa nyanya yake. Anasema hawa ndio wa mwisho wa 8-4-4 na hakuna nafasi ya mchezo.

Binti amelia mpaka amenyamaza. Sasa hanisemeshi, ni "ndio" na "la" tu. Siku ya wazazi shuleni kwao ni Jumamosi, siku moja baada ya hiyo Ijumaa. Sijawahi kuhudhuria, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya biashara. Nifanye nini? Nimtoe?

Mama aliyechoka, Kisumu Ndogo

*

Dada, ahsante kwa kuniandikia kabla ya hiyo Ijumaa.

Jibu nalitanguliza: usimtoe. Lakini pia usikubali mtoto wako aendelee kufika nyumbani saa moja usiku. Hayo ni mambo mawili, na kwenu yamekuwa ugomvi mmoja. Baba anaogopa giza na alama za chini, binti anatetea hadithi yake, wewe umesimama katikati na karai la mafuta moto. Tuyatenganishe.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa kwa sababu ya tarehe zake. Binti alijiunga na klabu Januari mwaka huu. Ripoti iliyomkasirisha baba yake ni ya muhula wa tatu mwaka jana. Huo ni mtihani uliofanywa na kusahihishwa kabla binti hajakanyaga kwenye mazoezi hata siku moja. Drama haikumshusha kutoka B- hadi C. Hilo mwambie mumeo kwanza, na umwonyeshe ile ripoti, maana tarehe imeandikwa hapo juu.

Basi kilichobadilika kati ya muhula wa pili na wa tatu ni nini? Umeniandikia mwenyewe, katika sentensi ambayo nadhani hukuitilia maanani: Septemba ulianza kukaanga samaki, na unafunga saa tatu.

Nayasema haya kwa upole. Najua mwenye nyumba hasubiri, na najua samaki hao ndio wanaolipa kodi. Sikulaumu hata kidogo kwa kutoka kwenda kutafuta. Lakini mama akitoka jikoni saa kumi na moja jioni, lazima kuna mtu anayeingia. Nani anayewasha jiko? Nani anayepanga foleni ya maji na mtungi wa lita 20? Nani anayemwosha yule mdogo, anamlisha, anambembeleza mpaka alale? Baba wakati huo ameshaondoka kwenda lindoni. Barua yako haisemi ni nani, lakini barua za wasichana hunijia kutoka Kibera, kutoka Gatina na Kabiro kule Kawangware, na jibu nalijua. Msichana wa kidato cha tatu anamaliza kusugua sufuria usiku, ndipo anafungua daftari la hesabu, katika chumba kile kile ambacho mdogo wake amelala na taa inatakiwa izimwe. Mimi nadhani C ilitoka hapo.

Na sasa klabu imekuja ikazichukua zile saa ambazo nyumba ilikuwa inamtegemea. Sioni vibaya kukuuliza hili moja kwa moja: je, kinachowauma ni kwamba anachelewa kusoma, au ni kwamba anachelewa kupika? Kama ni kupika, hilo lina dawa ambayo haihitaji kumtoa mtu popote.

Una kijana wa Gredi ya 8. Mtoto wa umri huo anaweza kubeba mtungi wa maji na anaweza kusonga ugali. Watakuwako wazee wa kusema mvulana haingii jikoni. Wanaume wangapi unaowajua hapo mtaani, wanaoishi peke yao na kufanya kibarua Industrial Area, wanajipikia kila siku bila kufa? Mfundishe wewe, Jumapili moja, ukisimama naye jikoni. Halafu kuna jambo dogo litakalokuokoa zaidi. Wewe unawakatia wateja sukuma kila jioni, kisu chako hakipumziki. Kata fungu la nyumbani kwako kabla ya saa kumi na moja, lifunge kwenye karatasi pamoja na nyanya mbili na kitunguu, mpe kijana aende nalo. Kazi iliyobaki ni kukaanga na kusonga. Mdogo alishwe na kulazwa na huyo huyo kijana siku tatu za wiki, na binti siku mbili. Binti akifika nyumbani saa kumi na moja unusu, apate saa mbili ambazo hakuna mtu wa kumwita. Kama chumba ni kimoja na kelele hazikomi, Jumamosi aende kwenye tawi la Maktaba ya Kitaifa hapo Kibera akae na vitabu vyake. Watoto wengi wa mtaa husomea huko kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye saa za shule, kwa sababu hapa mumeo ana haki kabisa.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, zimepanga siku ya shule za kutwa. Masomo ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu. Kuanzia saa tisa unusu hadi saa kumi na moja kasorobo ni michezo, klabu, nyimbo, maigizo na mengine ya namna hiyo, Jumatatu hadi Ijumaa. Ona hapo mambo mawili. Klabu si starehe iliyobuniwa na mwalimu mmoja mwenye muda mwingi: imetengewa saa na robo kila siku, sawa na masomo yalivyotengewa yake. Na hakuna palipoandikwa kwamba watoto wa kutwa wawekwe mpaka giza liingie. Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Mtoto aliyeachiliwa saa kumi na moja kasorobo anaingia Kisumu Ndogo mchana bado ni mchana. Anayefika saa moja usiku amewekwa kupita kiasi, au amepitia mahali. Hilo la pili muulize mwenyewe kwa sauti ya kawaida kabla hujamtuhumu.

Nenda ukamwone mwalimu mkuu. Usipige simu, nenda, Jumatatu asubuhi kabla hujafungua kibanda. Tafuta mzazi mwingine mmoja au wawili ambao watoto wao wako klabu hiyo, mwende pamoja, kwa sababu mzazi mmoja huambiwa "tutaangalia" na wazazi watatu hupewa jibu. Usiende kugombana. Mwambie hivi: "Mwalimu, binti zetu wanaipenda drama na tunataka waendelee. Tunaomba mazoezi yaishe saa kumi na moja kasorobo. Kama muda hautoshi, yaongezwe Jumamosi mchana." Mwalimu mkuu mwenye akili timamu atafurahi kuona wazazi waliokuja kuomba klabu iendelee. Wengi huja kuomba ifungwe.

Uulize pia ratiba ya mashindano. Tamasha la kitaifa la drama la shule lilianza mwaka 1959 na lina msimu wake. Ngazi za chini hufanyika muhula wa kwanza, na fainali za kitaifa huwa Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Ndiyo maana walimu wanakimbizana na muda wakati huu. Lakini maana yake pia ni kwamba jambo hili lina mwisho, na mwisho wenyewe uko karibu. Wakiishia kaunti ndogo ya Kibra, litakwisha mapema zaidi. Unaombwa kuvumilia wiki kadhaa, na binti ataingia muhula wa pili akiwa na jioni zake zote.

Kuna swali hukuniuliza. Ni nani anayewafundisha mazoezi hayo? Shule nyingi hukodi mkufunzi wa nje kwa msimu wa drama, kijana aliyeigiza zamani au msanii wa mtaani. Wengi ni watu wema. Hata hivyo, mjue kwa jina na kwa sura. Awepo mwalimu wa shule wakati wote wa mazoezi, na kwa wasichana awepo mwalimu wa kike. Mazoezi yafanyike shuleni, kamwe si nyumbani kwa mtu, hata iwe ni kwenda kupima mavazi. Mwambie binti hayo bila kuona haya, na mwambie nambari 116 ni ya watoto, haina malipo, anaweza kupiga akiona jambo lisilo sawa na hana wa kumwambia. Ya njiani ni rahisi kupanga: wasichana wanaoelekea Kisumu Ndogo, Kambi Muru na Gatwekera watoke pamoja, wapite njia yenye vibanda na mulika mwizi, hata kama ni ndefu kuliko ya vichochoroni. Akina mama wa vibanda mnajuana. Ambianeni saa ambayo watoto wanapita.

Majirani wakiwaona wasichana watano wanapita pamoja mchana, watatafuta habari nyingine.

Kuhusu Sh1,200: omba mchanganuo. Nauli ni ngapi, mavazi ni ngapi, na mashindano ya kwanza yanafanyikia wapi? Yakiwa ndani ya Kibra, huenda hakuna nauli ya kulipa, watoto wanatembea. Mavazi ya masimulizi hayapaswi kuwa ghali. Tamthilia ndiyo inayokula fedha, ina jukwaa la kupamba na watu wengi wa kuvisha. Msimulizi anahitaji leso, shanga, labda kigoda. Toa leso zako mbili, andika kwamba zitarudishwa. Kama shule ni ya serikali, fahamu kwamba kwenye mgao wa elimu ya kutwa, uliowekwa kuwa Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka tangu 2018, limo fungu la shughuli za wanafunzi. Mgao huo hufika umechelewa au umepungua, kwa hiyo usimshambulie mwalimu mkuu, lakini una haki ya kuuliza. Kama ni shule ya binafsi au ya jamii, kama zilivyo nyingi hapo kwenu, haipati mgao huo na kila senti inatoka mifukoni mwa wazazi au wafadhili. Hapo omba kulipa kidogo kidogo, au ujitolee mandazi na chai siku za mazoezi ya Jumamosi. Utakacholipa kiende kwenye akaunti ya shule na upewe risiti. Usitume kwa simu ya mtu.

Mumeo akisema klabu hazijengi mtu, usimpe hotuba. Mkumbushe ya mtaa wenu. Mwaka 2002, Abdul Kassim alianzisha timu ya soka ya wasichana hapo Kibera. Mwaka 2006 timu hiyo ikazaa shule, Kibera Girls Soccer Academy, shule ya upili ya wasichana isiyotoza karo. Mpira ulitangulia, darasa likafuata. Kennedy Odede, aliyekulia hapo hapo, alianzisha shirika la SHOFCO mwaka 2004 na mpira mmoja wa miguu, na vijana wake walikuwa na kikundi cha maigizo kilichocheza mitaani. Maigizo hayo ndiyo yaliyomkutanisha na mwanafunzi kutoka Marekani mwaka 2007, na Odede akaja kupata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Wesleyan huko huko Marekani. Mwaka 2009 wawili hao wakafungua shule ya wasichana Gatwekera, ambayo nyinyi ni majirani zake. Sisemi kila msimulizi atafika huko. Nasema tu kwamba hapo kwenu, vitu vinavyosimama hadi leo vilianza na watoto waliopewa nafasi ya kukusanyika baada ya masomo.

Na nafasi yenyewe ni haba. Nimewahi kuketi kwenye mazoezi kama hayo katika shule moja ya Kibera. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, ubao wa plaiwudi unaotenganisha madarasa mawili umeondolewa, mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia ndio ngoma. Msichana mmoja, leso ya mamake kiunoni, alikuwa katikati ya hadithi ya mwanamke aliyekataa kuuza shamba wakati treni ilipopita nyuma ya mabati na kuimeza sauti yake. Alinyamaza akiwa ameinua mkono vile vile. Behewa la mwisho lilipopita, akaendelea kutoka neno lile lile, sauti juu zaidi, na wenzake waliokuwa wameanza kupiga soga wakanyamaza wote. Mtoto aliyejifunza kufanya hivyo mbele ya watu 40 atakuja kusimama mbele ya mwajiri, mbele ya hakimu, mbele ya mume, na hatapoteza neno lake.

Drama ina faida hata kwenye mtihani. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE inapima fasihi, na fasihi simulizi imo ndani. Anayejua kufungua hadithi, kubadilisha sauti kwa kila mhusika na kumshika msikilizaji asiondoke, ameshafanya zoezi la somo hilo. Hesabu na kemia hazitasaidiwa na drama, sitakudanganya. Hizo zitasaidiwa na zile saa mbili za jioni tulizopanga.

Hilo la kumpeleka Siaya linanitia hofu kuliko drama yenyewe. Ni kweli yuko katika kundi la mwisho la 8-4-4, litakalofanya KCSE mwaka 2027. Ndiyo sababu hasa ya kutomng'oa sasa. Ameshachagua masomo yake ya mtihani, ana walimu wanaomjua, na shule mpya huenda isiwe na masomo yale yale. Wanafunzi wanaomfuata, wa Gredi ya 10, wana somo la lazima la huduma kwa jamii, kwa hiyo kutoka nje ya darasa na kufanya jambo na watu ni sehemu ya masomo yao. Yeye klabu ndiyo inayompa hilo.

Usibishane na mumeo mbele ya watoto, na usimwambie "Shangazi amesema". Soja wa usiku hutoka nyumbani jioni kwenda kazini. Mwombe siku moja tu, kabla ya hiyo Ijumaa, atoke nusu saa mapema, apitie shuleni saa kumi, akae kwenye dawati la nyuma amtazame binti yake akisimulia. Asiseme chochote, atazame tu kisha aende kazini. Baba wengi hubishana na kitu wasichowahi kukiona. Akishaona na bado akakataa, angalau atakataa anachokijua, na nyinyi wawili mtakuwa na la kuzungumza.

Kwa binti, anza wewe. Katika barua yako yote hukuniambia hadithi anayoisimulia inahusu nini, nami nadhani hujamuuliza. Muulize kesho asubuhi mkiwa mnajitayarisha. Usimuulize habari za saa wala za alama, muulize hadithi. Kisha mwambie ukweli kwamba tangu Septemba amebeba nyumba ambayo si mzigo wake peke yake, na kwamba umeliona hilo. Halafu mweleze masharti: saa kumi na moja unusu awe nyumbani, saa mbili za kusoma, na ripoti ya muhula huu mtaisoma pamoja. Atayakubali. Watoto huyakubali masharti wakijua yametoka kwa mtu aliyewasikiliza.

Jumamosi ya siku ya wazazi, nenda. Najua mauzo ya Jumamosi. Mwombe muuzaji mwenzako akushikie kibanda mpaka saa nane, nawe utamshikia siku yake. Beba ripoti zote tangu kidato cha kwanza, mwone mwalimu wa darasa, muulize ni somo gani lililoshuka na lilishuka lini. Muombeni pia mwalimu mkuu, wewe na wazazi wenzako, watoto waigize siku hiyo mbele ya wazazi kabla ya kwenda mashindanoni, au hata Jumamosi nyingine mbele ya mtaa mzima kwenye uwanja wa Kamukunji. Pamoja FM ni redio yenu hapo Kibera, iombeni itangaze. Wasikilizaji wake ndio wazazi na majirani mnaotaka waje.

Ukishaonana na mwalimu mkuu hiyo Jumatatu, niandikie alichosema kuhusu saa ya kufunga mazoezi. Akikataa kabisa, nitakueleza jinsi ya kuipeleka hoja kwa bodi ya usimamizi wa shule, kwa sababu wazazi wana wawakilishi wao humo, na wamewekwa kwa kazi kama hii.